Masta ya Breki katika Gari la Kale: Tuchague kwa Macho au kwa Kipimo?

Mwenye kulifufua gari la kale hukabiliwa na maswali mengi ya urembo kabla hajafika kwenye maswali ya usalama. Rangi iwe ile ya kijani iliyofifia, au nyingine? Taa za mbele zikae karibu karibu katikati ya wavu, kama zilivyokaa katika Land Rover za Series II, ama zihamishiwe kwenye mabawa kama ilivyofanywa mwishoni mwa miaka ya 1960? Haya ni maswali ya haki, na mwenye gari ana uhuru wa kuyajibu apendavyo, maana jibu baya halimdhuru mtu. Lakini katika orodha hiyo hiyo ya vifaa kimo kipande kimoja cha chuma, ambacho ukubwa wake haupiti sana chupa ya soda, nacho huchaguliwa kwa macho wakati kilipaswa kuchaguliwa kwa kipimo. Kipande hicho ni silinda kuu ya breki, ile ambayo mafundi wetu huiita masta.

Nalizungumza jambo hili nikiwafikiria hasa wenye magari wa Bukoba na Muleba. Nchi yao ni ya migongo ya milima inayokwenda sambamba na Ziwa Victoria, mgongo baada ya mgongo, na katikati yake mabonde yenye maji. Anayetoka Nyanga au Rwamishenye kwenda Kamachumu hana njia ya kuepuka miteremko. Na atakayeshuka kutoka uwanda wa Kamachumu kuelekea Muhutwe ataijua breki yake ilivyo kabla hajafika chini. Tena gari la kale katika sehemu hizo si la maonyesho peke yake. Jumamosi hupambwa maua likabeba maharusi. Jumatatu hubeba mikungu ya ndizi pamoja na wenye ndizi. Kwa hiyo uamuzi wa mwenye gari juu ya masta si wake peke yake, bali ni wa wale wote wanaokaa nyuma, ambao hawakuulizwa.

Wenzetu wa Marekani wameubishania mgogoro huu kwa miaka mingi, na inafaa kuwatazama. Tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na hasa baada yake, vijana wa California walikuwa na mtindo wa kuchukua magari ya Ford ya miaka ya 1930, kuyavua mabawa na kila kisicho cha lazima, kisha kuyatia injini yenye nguvu zaidi ili yashindane kwa mwendo. Ford ya mwaka 1932 yenye injini ya V8 ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Lakini kampuni hiyo ilikawia sana kukubali breki za mafuta: Chrysler ilikuwa nazo tangu mwaka 1924, na Duesenberg tangu 1921, ila Ford iliendelea na fimbo za chuma hadi ilipozitia breki za mafuta katika magari yake ya mwaka 1939. Kwa sababu hiyo vijana wale walizoea kung'oa breki za Ford za 1939 hadi 1948, pamoja na masta yake iliyofungwa chini ya sakafu, wakazipachika katika magari ya zamani zaidi. Masta ile ina kopo la duara juu yake mfano wa mtungi wa matunda, na hadi leo wajenzi wa magari ya mtindo huo huitamani kwa sababu ya sura yake hiyo. Sura ni nzuri, sikatai. Lakini ndani yake mna chumba kimoja tu, na pistoni moja.

Katika migongo ya Kagera hatuna magari ya namna ile. Tunazo Land Rover za Series I, II na III, zilizotengenezwa tangu mwaka 1948 hadi 1985, ambazo zilitumiwa na serikali, misheni, jeshi na wanunuzi wa kahawa. Tunazo pia Peugeot 404, gari lililowapa ushindi katika Safari Rally ya Afrika Mashariki Bert Shankland na Chris Rothwell, madereva waliotoka Tanzania, katika miaka ya 1966 na 1967. Ubishi, hata hivyo, ni ule ule. Mmoja husema, "Mzee, gari hili lisipokuwa na masta yake ya asili si gari la kale tena." Mwingine hujibu kwamba masta ya asili ni ya makumbusho, ing'olewe na kutupwa, itiwe ya Toyota pamoja na busta yake. Mimi naona kwamba wote wawili wanaanzia mahali pasipofaa.

Masta hufanya kazi kwa kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kanieneo, yaani nguvu igawanywayo kwa eneo, ikitiwa katika kioevu kilichofungiwa, huenea sawasawa pande zote. Mguu husukuma pedali; pedali ni wenzo, huikuza nguvu ya mguu; wenzo husukuma pistoni; pistoni hukandamiza mafuta; na mafuta huipeleka kanieneo ile ile hadi kwenye silinda ndogo za magurudumu. Hapa ndipo kipenyo kinapotawala kila kitu. Tuseme dereva anasukuma kwa nguvu ya kilo 30, na pedali inaikuza mara 5. Pistoni inapokea kilo 150. Ikiwa kipenyo cha silinda ni robo tatu ya inchi, eneo la pistoni ni sentimita mraba 2.85, na kanieneo ni kilo 52 na ushei kwa kila sentimita mraba. Ikiwa kipenyo ni inchi moja kamili, eneo ni sentimita mraba 5.07, na kanieneo hushuka hadi kilo 29 na nusu hivi. Mguu ni ule ule, pedali ni ile ile, na breki imepungua karibu nusu.

Je, basi silinda nyembamba ndiyo bora siku zote? La, kwa sababu maumbile hayatoi kitu bure. Ikiwa viatu vya breki vinahitaji sentimita za ujazo 6 za mafuta ili vigusane na ngoma, pistoni ya silinda nyembamba italazimika kusafiri sentimita 2.1, na pedali sentimita 10 na nusu. Ile ya inchi moja itasafiri sentimita 1.2, na pedali sentimita 6 tu. Kwa hiyo silinda nyembamba mno katika gari lenye silinda kubwa za magurudumu huifikisha pedali sakafuni kabla breki haijashika vizuri, na silinda nene mno huifanya pedali iwe ngumu kama jiwe huku gari likiendelea na safari yake. Waundaji wa Land Rover waliijua hesabu hii: zile fupi za inchi 88 walizipa silinda ya robo tatu ya inchi, na zile ndefu za inchi 109, zenye ngoma kubwa zaidi, walizipa ya inchi moja. Na hapa pana mtego kwa mwenye kuchagua kwa macho. Masta mbili zinaweza kufanana kwa nje kama mapacha, zikatofautiana kwa ndani kwa robo ya inchi. Anayenunua kutoka kwenye lundo la vyuma chakavu kwa sababu "hii ndiyo yenyewe" anatakiwa kuchukua kipimo cha ndani mkononi, au walau kusoma tarakimu ambazo mara nyingi zimeandikwa kwenye mwili wa silinda, kabla hajatoa fedha.

Nije sasa kwenye shina la ubishi, yaani chumba kimoja au viwili. Katika masta ya zamani mafuta ya magurudumu yote manne hutoka katika chumba kimoja. Paipu moja ikipasuka, hata kama ni ile ndogo ya gurudumu la nyuma iliyosuguliwa na chasi, mafuta yote hukimbilia kwenye tundu hilo, na pedali huzama sakafuni bila upinzani. Katika masta ya vyumba viwili, pistoni mbili hufuatana katika silinda moja: chumba kimoja huhudumia magurudumu ya mbele, kingine ya nyuma. Upande mmoja ukipasuka, pistoni yake husonga hadi ikome, na ile nyingine huendelea kukandamiza. Pedali hushuka zaidi ya kawaida, gari husimama kwa umbali mrefu zaidi, lakini husimama. Cadillac na American Motors waliziingiza masta hizi katika magari yao ya mwaka 1962, na tangu Januari 1968 sheria ya Marekani ikayalazimisha magari mapya ya abiria kuwa na breki zilizogawanywa hivyo. Land Rover haikuwa na haraka. Series II zote, na Series III za miaka ya mwanzo, zilitoka kiwandani na chumba kimoja, na ni katika matoleo ya mwisho tu ndipo vyumba viwili vilipokuwa kawaida.

Watetezi wa uasilia hujibu kwamba gari lina hendibreki. Jibu hili lina nguvu katika magari mengine, lakini katika Land Rover za Series halina, na sababu yake yafaa ielezwe. Hendibreki ya gari hilo haishiki magurudumu. Inashika shafti ya nyuma, kwa ngoma moja iliyofungwa nyuma ya gia boksi. Kutoka hapo nguvu yake hupitia kwenye difu na ekseli za nusu mpaka zifike kwenye magurudumu. Ekseli ya upande mmoja ikikatika, difu huiachia shafti izunguke, na hendibreki inakuwa haikushika kitu. Isitoshe, sili ya gia boksi ikichoka, oili humwagikia ndani ya ngoma hiyo, na kila aliyewahi kulala chini ya Land Rover kuukuu anajua jinsi sili hiyo inavyochoka. Breki hiyo iliundwa ili kulizuia gari lililokwisha simama. Kuitegemea katika mteremko wa Muhutwe gari likiwa limebeba watu 10 ni kuipa kazi isiyo yake.

Hata gia ndogo, ambayo ni msaada mkubwa na ambayo madereva wetu wa zamani waliitumia kwa busara kuliko wengi wa leo, si badala ya breki. Hebu tuhesabu. Gari la kilo 2,000, mzigo ukiwa ndani yake, likiteremka mita 200 za wima, huachia nishati ya karibu jouli milioni 3.9. Kiasi hicho cha joto kinatosha kuchemsha maji ya baridi karibu lita 12. Sehemu moja huchukuliwa na injini ikiwa gia ni ndogo, sehemu nyingine na upepo na matairi. Kinachobaki huishia kwenye ngoma za breki, na kutoka kwenye ngoma hupenya hadi kwenye mafuta yaliyo ndani ya silinda za magurudumu.

Jambo hili hutuleta kwenye hali ya hewa ya Bukoba, ambayo nadhani haizungumzwi vya kutosha katika gereji zetu. Mafuta ya kawaida ya breki, yanayouzwa kwa alama za DOT 3 na DOT 4, si mafuta kwa maana ya petroli au oili. Ni kioevu cha jamii ya glaikoli, chenye tabia ya kunywa maji kutoka hewani. Yakiwa mapya, DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Sentigredi. Yakishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Sasa Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hewa ya ziwani ina unyevu mwingi hata miezi isiyo ya mvua. Kopo la masta ambalo kizibo chake kimelegea, au limefunikwa kwa kitambaa kwa sababu kizibo cha asili hakipatikani, linakunywa maji usiku na mchana. Mafuta yaliyochakaa hivyo yakichemka katika mteremko, hutoa mvuke. Na wakati kioevu hakishindiliki, mvuke hushindilika kwa urahisi. Dereva anakanyaga, anashindilia mvuke, na gari haliitikii. Likishapoa nusu saa, breki hurudi kama kwamba hapakuwa na lolote, na watu husema gari lina shetani.

Maji hayo hayo hula chuma. Masta ya chuma cha kusubu iliyokaa bandani miaka kadhaa huwa imetobokatoboka kwa kutu ndani, vitundu vidogo ambavyo jicho lisilozoea halivioni, na kila pistoni inapopita juu yake mipira huchanika kidogo kidogo. Ndiyo maana nasema waziwazi kwamba masta ya asili iliyotolewa kwenye gari lililokufa, ikasuguliwa kwa msasa, ikapakwa rangi nyeusi na kutiwa ripea kiti mpya, ni chaguo baya kuliko yote. Ina sura yote ya zamani na haina hata moja ya sifa zake. Anayetaka kuihifadhi kwa dhati ana njia moja ya halali: silinda ikerezwe kwa mashine hadi kutu yote iishe, kisha itiwe bushi ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, nayo ikerezwe hadi kurudi kwenye kipenyo kile kile cha asili. Tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye kopo, ambalo upana wake haufiki milimita moja, litobolewe upya mahali pake penyewe na kingo zake zilainishwe, la sivyo litakata mpira siku ya kwanza. Kazi hii inahitaji mashine ya kukereza iliyo sahihi na fundi mwenye subira. Vyuo vyetu vya ufundi stadi na karakana zilizolelewa na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, zinaweza kuifanya; kinachohitajika zaidi ni kifaa cha kuijaribu silinda kwa kanieneo kubwa kabla haijatoka mlangoni. Ningefurahi kuona fedha za mafunzo zikielekezwa huko kabla ya kuelekezwa kwenye mambo yenye majina makubwa zaidi.

Na mipira nayo ina masharti yake. Katika miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na spea hazionekani madukani, mafundi wetu walifanya maajabu kwa vipande vya mpira na visu, na nchi iliendelea kutembea kwa sababu yao. Lakini desturi moja ya wakati wa dhiki ingefaa iachwe, nayo ni kujaza kopo la breki kwa oili ya injini au ya hidroliki mafuta yenyewe yanapokosekana. Oili itokanayo na petroli huvimbisha mipira ya breki ikawa laini kama ubwabwa. Masta iliyowahi kutiwa oili hiyo haisafishwi kwa kubadilisha mafuta tu. Mipira yote, tangu ya masta hadi ya magurudumu na mabomba ya mpira, hubadilishwa pamoja. Yapo pia mafuta ya silikoni, DOT 5, yasiyokunywa maji wala kubabua rangi, na wenye magari ya maonyesho huyapenda. Lakini maji yakiingia humo hayachanganyiki nayo; hukusanyika mahali pa chini na kuozesha hapo hapo. Tena hayapatani na ya glaikoli. Katika mji ambao kopo la DOT 3 ndilo linalopatikana kila duka, kuchagua silikoni ni kujitafutia siku ya kuchanganya.

Wapo wanaobadilisha ngoma za mbele wakatia diski huku wakiiacha masta ya zamani mahali pake, ili chini ya boneti pasionekane mabadiliko. Hilo nalipinga kwa sababu mbili. Kwanza, masta nyingi za breki za ngoma zina vali ndogo inayobakiza kanieneo kidogo katika paipu, ili mipira ya silinda za magurudumu ikae imetanuka. Kanieneo hiyo, ambayo ngoma huistahimili kwa sababu ya springi zake, katika diski huziacha pedi zikisugua bila kukoma, na joto hupanda hata kwenye barabara tambarare. Pili, pedi za diski zinapochakaa pistoni zake husogea nje na kuchukua mafuta mengi zaidi kuliko ngoma zilizorekebishwa vizuri, na kopo dogo la zamani linaweza kukauka kabla dereva hajashuku kitu. Aliyetia diski hana budi kutia masta ya diski.

Basi mpenda sura ya zamani afanyeje? Namshauri aitafute sura hiyo mahali pasipogusa kazi. Masta ya vyumba viwili ya Land Rover za mwisho inaweza kufungwa katika zile za kabla yake, mradi ajue kwamba kisanduku cha pedali nacho hubadilika pamoja nayo, pamoja na urefu wa fimbo ya kusukumia. Kopo la bati la Series II, ambalo lilihudumia breki na klachi kwa pamoja, libaki pale pale lilipo na lihudumie klachi peke yake. Mgeni akifungua boneti atalikuta. Masta mpya ipakwe rangi nyeusi isiyong'aa, na paipu zipindwe kwa kufuata njia zile zile za asili. Katika magari ambayo masta hukaa chini ya sakafu, kama Volkswagen za kobe, hakuna anayeiona isipokuwa fundi, na kwa hiyo hoja ya sura haipo kabisa. Huko Marekani viwanda vidogo vimekwisha tengeneza masta zenye umbo la nje la miaka ya 1940 na vyumba viwili ndani. Ni ghali, na kuzileta Bukoba ni ghali zaidi, lakini zinathibitisha kwamba si lazima kuchagua kati ya uzuri na uhai.

Wale wa Toyota na busta nao wana la kuulizwa. Busta inatumia mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Injini ya dizeli haina mvuto huo bila pampu yake ya pekee, na masta iliyokusudiwa kufanya kazi na busta mara nyingi ina kipenyo kikubwa, kwa sababu busta ndiyo iliyotarajiwa kuongeza nguvu. Ukiifunga bila busta, au busta ikifa, unarudi kwenye hesabu yetu ya juu: pedali ngumu, breki kidogo. Gari lililotiwa masta ya aina hiyo bila kupimwa si salama zaidi ya lile la asili, hata kama masta yenyewe ilinunuliwa jana.

Gharama ni hoja ya kweli, wala sitaipuuza. Masta ya vyumba viwili, kisanduku cha pedali, paipu na kazi ya fundi vinaweza kuzidi bei ya rangi na viti vipya. Lakini mwenye gari ambaye amepaka rangi kwanza amekwisha onyesha kwamba fedha zilikuwapo. Kwa gari ambalo mwenyewe huliendesha peke yake, polepole, mara chache kwa mwezi, nakubali masta ya chumba kimoja iliyotiwa bushi vizuri, mafuta yakibadilishwa kila mwaka na paipu zote zikiwa mpya. Kwa gari linalobeba watu kwa malipo, hata kama ni maharusi kwa saa mbili, sikubali.

Hata masta ya vyumba viwili ikishafungwa, kazi haijaisha, na hapa mafundi wengi huishia njiani. Kati ya fimbo ya pedali na pistoni lazima ubaki mchezo mdogo, milimita moja au mbili, ili pistoni irudi mwisho kabisa na kulifungua lile tundu la kurudishia mafuta. Fimbo ikiwa ndefu mno, tundu hubaki limezibwa. Mafuta yakipata joto hutanuka bila pa kwenda, na breki hujishika zenyewe barabarani. Fimbo ikiwa fupi mno, au viatu vikiwa havijarekebishwa, pedali hugonga sakafu kabla pistoni ya pili haijapata kusukuma, na hapo chumba cha pili kinakuwa cha jina tu.

Kuna jaribio la kulibaini hilo, lisilohitaji chombo chochote zaidi ya spana na kikombe. Gari likiwa limesimama mahali tambarare na magurudumu yamewekewa mawe, kilegezwe kisikurubu cha kutolea upepo cha gurudumu moja la mbele, na mtu akanyage pedali kwa nguvu: mafuta yatatoka mbele, pedali itashuka, lakini ni lazima ikome kabla ya sakafu, na magurudumu ya nyuma, yakiwa yameinuliwa na kujaribiwa kwa mkono, yawe yameshikwa. Kisikurubu kifungwe, na jaribio lirudiwe kwa upande wa nyuma. Kisha upepo utolewe upya katika mfumo mzima. Kazi yote ni ya saa moja.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwenye gari awe na breki zilizo katika hali nzuri, na ukaguzi hufanywa. Lakini ukaguzi wa kawaida huuliza kama gari linasimama leo, katika uwanja tambarare, paipu zote zikiwa nzima. Kwa magari ya kale yanayobeba watu ningependekeza jaribio lile la spana na kikombe liwe sehemu ya ukaguzi. Na waandaaji wa maonyesho ya magari ya kale, kuanzia mashindano ya Nairobi ambayo yalianza mwaka 1970 hadi tamasha la Land Rover lililokusanya magari kwa mamia pale Arusha mnamo Oktoba 2024, wangefanya jambo la maana kama wangewaagiza waamuzi wao wasipunguze hata alama moja kwa masta ya vyumba viwili, na waombe kuonyeshwa tarehe ambayo mafuta ya breki yalibadilishwa mara ya mwisho. Tarehe hiyo iandikwe kwa rangi upande wa ndani wa boneti, kando ya namba ya chasi.